Nane Upande Huu, Tisa Upande Ule

Mama yangu alizaa watoto nane, wakabaki watano. Dada yake alizaa tisa, wakabaki saba. Mama aliolewa kijiji kilicho karibu na Sirari, upande wa Tanzania. Mama mkubwa akaolewa ng'ambo, nje kidogo ya Isebania, Kenya. Ukitoka kwetu baada ya kukamua ng'ombe unafika kwake uji haujapoa. Wote ni Wakurya, lugha moja, koo zile zile, na harusi na matanga tunavuka mpaka bila kuona kwamba tumevuka kitu.

Mpaka wenyewe ni kazi ya mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko kwao mstari uanzie kwenye mdomo wa mto Umba baharini, upinde kidogo kuukwepa Kilimanjaro, kisha unyooke mpaka pale nyuzi moja kusini ya ikweta inapokutana na Ziwa Victoria. Ukipita na rula juu ya ramani, unawapita Wakurya katikati kama kisu kwenye papai.

Utotoni hesabu ya nane na tisa ilikuwa fimbo ya kutuchapia. Binti wa mama mkubwa, dada yangu ambaye baadaye alisomea uuguzi, alikuwa na utani wake mmoja: "Nyinyi watoto wenu wanakufa kama vifaranga. Hamieni huku kwetu." Tulicheka. Lakini tulimwamini. Kenya ndiko kulikotoka sabuni, Kimbo na dawa, na kwa mtoto wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale mpakani, nchi yenye sabuni ilikuwa nchi ambayo watu hawafi.

Nimestaafu sasa. Kazi yangu ilikuwa udadisi: kwenda nyumba kwa nyumba na dodoso, hasa katika zile tafiti za afya ya mama na mtoto ambazo nchi zetu zote mbili hufanya kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo ubishi wangu na dada umekwenda na namba kwa zaidi ya miaka 30, na namba hazikumpendelea yeyote kwa muda mrefu.

Tuanze na uhuru. Wakati huo, katika nchi zote mbili, karibu mtoto mmoja kati ya watano hakufikisha miaka mitano, na Tanganyika ilikuwa nyuma kidogo. Surua, malaria, kuhara, homa ya mapafu, pepopunda ya kitovu. Watu walilijua jambo hilo bila kuhitaji takwimu, na majina yanashuhudia. Majirani zetu Waluo humwita Owiti mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, maana yake ametupwa, ili kifo kisimtamani. Waswahili wana Majaliwa na Sikudhani. Darasa letu la kwanza lilikuwa na Tabu wawili na Shida mmoja.

Kenya ilianza mbio vizuri. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada za matibabu ya kawaida, shule ziliongezeka, wasichana wakasoma, na mama aliyesoma hupoteza watoto wachache zaidi hata kama hana fedha. Sisi tulikuwa na redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania na kujadili malaria, kuhara, maji na vyoo. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka redio ya mwenyekiti imewekwa juu ya kiti peke yake, watu wazima wakiwa wamekaa chini, na baba akirudi usiku ule ule kuanza kuchimba choo kwa taa ya kandili. Choo kile kilitumika miaka kumi na mbili. Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 na 1979, ikaja miaka ya kutokuwa na kitu, na zahanati yetu ikabaki na mganga mwema na rafu tupu. Mama alikuwa akivuka kwa dada yake kutafuta klorokwini, akiificha kwenye kibuyu cha maziwa asije akaambiwa ni magendo.

Kwa hiyo utani wa dada ulikuwa na hesabu nyuma yake. Utafiti wa Kenya wa 1989 ulikuta watoto 89 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai wakifa kabla ya miaka mitano. Wetu wa kwanza, wa 1991 na 1992, ulikuta 141.

Hapa nisimame kidogo nieleze namba hizi hupatikanaje, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha. Ukisubiri vyeti vya vifo utasubiri sana. Mtoto wa siku tatu kijijini hakatiwi cheti, na pengine hata cha kuzaliwa hakuwa nacho. Njia iliyobaki ni kumuuliza mama. Mskoti mmoja, William Brass, aliyefanya kazi Nairobi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zilipohesabiwa na ofisi moja, ndiye aliyekuja kuonyesha kwamba ukijua umri wa wanawake, wamezaa wangapi na wamebaki na wangapi, unaweza kukisia vizuri vifo vya watoto wa nchi nzima. Yaani ile hesabu ya mama na mama mkubwa, nane kwa watano na tisa kwa saba, ndiyo mbegu ya fani nzima.

Tafiti zetu zilikwenda mbali zaidi. Tuliandika kila mtoto kwenye mstari wake: jina, jinsia, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, yu hai au la, na kama hayupo, alifariki akiwa na umri gani. Jibu la kawaida lilikuwa "mwaka mmoja", na tulifundishwa tusilikubali. Mtoto wa miezi kumi na moja anahesabiwa kati ya wachanga wasiofikisha mwaka, wa kumi na mbili hahesabiwi, na mama mwenye uchungu hana sababu ya kujali tofauti hiyo. Basi unauliza: alikuwa ameota meno? Alikuwa anasimama kwa kushika kitu? Mvua za masika zilikuwa zimeisha? Unamrudisha mtu kwenye siku ambayo ameifunga na kuifungia.

Kisha kuna swali la mwisho, la kuchokonoa. Mama akishasema wote ni hawa, unauliza kama kuna mtoto mwingine yeyote aliyelia au kuonyesha dalili ya uhai, hata kwa muda mfupi, halafu hakuishi. Mwaka 1996 nilimuuliza mwanamke aliyekuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Akautua chini, akaokota chuya mbili tatu, akazitupa kwa kuku. "Alilia mara moja," akasema. Nikaandika: siku sifuri. Akaendelea kupeta.

Likizo ile nikiwa nyumbani nilimuuliza mama. Watoto wangapi? Nane, unawajua. Nikamuuliza lile la kuchokonoa kwa maneno yale yale ya dodoso, maana sikuwa na ujasiri wa kutafuta mengine. Akanyamaza, halafu akasema, "Yule hakuwa na jina." Alizaliwa kabla yangu. Bibi na wanawake wengine wawili walimzika nyuma ya jiko, penye migomba, na wanaume hawakuitwa. Nimecheza pale utoto wangu wote. Mimi niliyelipwa posho ya kuwauliza wanawake wa watu habari hiyo, sikuwahi kuiuliza nyumbani kwetu. Basi ni tisa kwa tisa.

Ukishajua kwamba nyuma ya kila namba kuna ungo uliosimama hewani, huwezi tena kuisoma kama matokeo ya mpira. Tena namba zina kasoro zake. Kila mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka mitano ya mwisho alikuwa anakuongezea kurasa za maswali: chanjo, kuhara, kunyonya, homa. Mdadisi mvivu humrudisha mtoto nyuma mwaka mmoja ili kurasa zisifunguke. Nimewahi kumkamata mwenzangu akifanya hivyo, na jioni moja yenye njaa, kilomita tisa kutoka gari lilipoegeshwa, nimewahi kulifikiria mwenyewe. Na kuna kasoro kubwa zaidi: tunawauliza walio hai. Ukimwi ulipoanza kuwachukua akina mama, watoto wao waliokufa walikwenda na msemaji wao.

Miaka hiyo ndiyo dada aliyoacha kutania. Namba ya Kenya, iliyokuwa 89, ikawa 96 mwaka 1993, ikawa 112 mwaka 1998, ikawa 115 mwaka 2003. Nchi haikuwa na vita ya kitaifa wala njaa kuu ya kuelezea jambo hilo, na bado mtoto aliyezaliwa karibu na mwaka 2000 alikuwa na hatari kubwa kuliko mtoto aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1980. Ni jambo zito kwa taifa kurudi nyuma hivyo, na nashangaa linavyotajwa kwa nadra tukisimuliana historia.

Dada aliyaona mambo hayo kutoka wodini, katika hospitali ambayo hapendi niitaje. Ada zilirudishwa Desemba 1989, zikapunguzwa mwaka uliofuata baada ya kelele, kisha zikarudi tena. Ananiambia alijua mama hana fedha kwa jinsi alivyofungua fundo la leso: polepole, akitumaini kwamba karani ataangalia pembeni. Na klorokwini ikaanza kutudanganya. Mtoto anakunywa, homa inashuka, unarudi nyumbani ukishukuru, siku ya nne degedege. Kenya iliiacha dawa hiyo mwaka 1998, Tanzania 2001. Katikati hapo ukaja Ukimwi: Rais Moi akautangaza janga la kitaifa Novemba 1999, na Rais Mkapa akafanya vivyo hivyo mwaka ukiwa unakwisha.

Wengi hutupa lawama zote kwa Ukimwi. Mimi sikubali. Mwaka 1993 watoto 79 kati ya 100 wa Kenya wenye umri wa mwaka mmoja walikuwa wamekamilisha chanjo. Mwaka 2003 walikuwa 57. Virusi havimzuii mtoto kupata sindano ya surua. Friji isiyo na gesi humzuia, au muuguzi ambaye hakuajiriwa, au nauli. Kwetu tulibaki karibu 71 muongo mzima, tukijikokota. Wala sisemi sisi tulikuwa watakatifu. Ada tulianza kutoza mwaka 1993, Ukimwi tulikuwa nao Kagera tangu 1983, na utafiti wa 1999, ambao nilishiriki, ulitupa 147, kubwa kuliko ya miaka minane iliyotangulia. Nchi zote mbili zilikuwa zinazama. Kenya ilionekana zaidi kwa sababu ilikuwa imeelea juu.

Na "Kenya" yenyewe ni nani? Mwaka 1998 Mkoa wa Kati, wa akina Nyeri na Murang'a, ulikuwa na vifo 34 kwa kila 1,000. Nyanza, ambako Isebania ilihesabiwa, 199. Nchi moja, bendera moja, na mtoto wa upande mmoja ana hatari karibu mara sita ya mwenzake. Ni kweli namba ya Nyanza imechanganya Waluo, Wakisii na Wakurya, na huwezi kuikata mpaka ukapata kijiji cha mama mkubwa. Sampuli haina macho hayo. Lakini dada alipoiona alikaa kimya muda mrefu. Miaka yote alikuwa akitutambia kwa wastani uliotengenezwa na watoto wa Nyeri.

Sasa nije kwenye siku yangu ya furaha. Utafiti wetu wa 2004 na 2005 ulipotoka ulionyesha 112. Wa Kenya wa 2003 ulikuwa 115. Tumewapita! Nilivuka mpaka na nakala ya ripoti kwapani kama mtu anayepeleka posa. Dada alivaa miwani, akasoma, akanirudishia. "Watatu kwa elfu," akasema. "Hilo ni kosa la sampuli, mdogo wangu. Wewe si ndiye uliyenifundisha?" Alikuwa sahihi kabisa, na nilimchukia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Hata hivyo kushuka kutoka 147 hadi 112 katika miaka michache hakukuwa kosa la sampuli, na hatukuwa tumetajirika. Mfano ninaoupenda ni Rufiji na Morogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1990 halmashauri za huko zilipewa nyongeza ndogo ya fedha pamoja na njia ya kuona, kwa mchoro mmoja, watu wao wanakufa kwa magonjwa gani na bajeti yao inakwenda wapi. Ilionekana kwamba malaria na magonjwa ya watoto yalikuwa yanaua sana na kutengewa kidogo. Wakahamisha fedha, wakawafundisha waganga kumwangalia mtoto mzima badala ya kutibu homa peke yake, wakakarabati zahanati kwa nguvu za wanavijiji. Katika miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Nchini kote kulikuwa na matone ya vitamini A, na kuanzia 2004 Hati Punguzo: mjamzito anapewa kliniki karatasi, anaongeza hela kidogo dukani, anatoka na chandarua. Mwishoni mwa 2006 ikaanza kuingia dawa ya mseto ya malaria.

Kenya haikukaa ikitutazama. Mwaka 2004 zahanati ziliwekewa ada ya shilingi 10, vituo vya afya 20, na watoto chini ya miaka mitano bure. Mwaka 2006 wakagawa vyandarua zaidi ya milioni tatu bila malipo, jambo ambalo wataalamu walikuwa wamelibishania miaka, wakisema cha bure hakithaminiwi. Mama mkubwa, Mungu amrehemu, alikithamini chake hadi akawa anakifua Jumapili na kukianika kwa heshima ya shuka la wageni. Utafiti wa 2008 na 2009 ukawapa 74. Wetu wa 2010, 81. Enzi yangu ilikuwa imekwisha. Kenya wakaondoa malipo ya kujifungua mwaka 2013, wakafika 52 mwaka 2014. Sisi tulikuwa 67 mwaka mmoja baadaye. Sisi tukajivunia kwamba kwa hesabu za Umoja wa Mataifa tulifikia lile lengo la kupunguza vifo vya watoto kwa theluthi mbili tangu 1990 na wao hawakufikia. Dada akasema ni rahisi kushuka sana ukianzia juu ya mti.

Mwaka 2022 tafiti zote mbili zilifanyika kati ya Februari na Julai, kama vile tumepanga. Wadadisi wa sasa wana vishikwambi. Kurasa haziwezi kurukwa, kishikwambi kinakataa. Kenya 41. Tanzania 43. Pengo la 52 katika siku za utani limebaki wawili, na tunajua sote dada atasema nini kuhusu wawili.

Ila ukiichambua namba hiyo unakuta kitu ambacho hakikuwamo kwenye ubishi wetu. Kati ya wale 43 wa Tanzania, 24 hufa ndani ya mwezi wa kwanza. Kati ya 41 wa Kenya, 21. Mwaka 1999 wachanga hao wa mwezi wa kwanza walikuwa 40 kati ya 147 wetu, na waliobaki 107 walikufa baadaye, kwa malaria, surua, kuhara. Wale 107 leo ni 19. Chandarua, chanjo, mseto na vyoo vimefanya kazi yao. Lakini kutoka 40 hadi 24 ni mwendo wa konokono, na tangu 2010, tulipokuwa 26, karibu tumesimama. Kenya nao walikuwa 22 mwaka 2014. Wanaokufa sasa ni wale wa siku sifuri: aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyechoka njiani, aliyelia mara moja. Yule wa nyuma ya jiko.

Nilimweleza dada hayo sebuleni kwake mara ya mwisho nilipovuka. Nilikuwa na mjukuu wangu anayesomea uuguzi mwaka wa pili. Dada, ambaye ana miaka zaidi ya 70 na magoti mabovu, akainuka, akavua leso kiunoni, akaiviringisha ikawa kichanga, akamkabidhi binti. Huyu hajalia, akasema, fanya. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga wa hospitali nane utaratibu huo wa kumsaidia kichanga kupumua, na vifo vya siku ya kwanza vikapungua karibu nusu, 47 kwa 100. Vifaa ni kitambaa kikavu, kifyonzeo na mfuko wa kupulizia hewa. Binti akaanza kuikausha leso kwa upole, kama anayepangusa sahani za wageni. "Si hivyo! Sugua mgongo! Unamwamsha, humbembelezi." Akaninyooshea kidole. "Wewe mtu wa hesabu, tazama saa. Ana dakika moja."

Nikashika saa. Binti akasugua, akainamisha kichwa cha leso, akairekebisha shingo, akatafuta mfuko, hakuna mfuko, akachukua kikombe cha plastiki akakifunika usoni. Dada akawa anahesabu pumzi kwa Kikurya. Tulifika sekunde ya arobaini na tatu, chai ikafurika jikoni, na sote watatu tukakimbia, leso ikabaki juu ya kiti.